Mrejesho: wali kuwa bokoboko
Wakuu habari zenu, niliulizaga hapa kwa nini mchele wa Kyela nikipika huku Mbeya mjini unashikana kama ugali wakati nyumba ya jirani wali unachambuka punje kwa punje. Basi nimejaribu mliyosema na sasa hivi wali unatoka safi.

Kikubwa aisee ni yule aliyeniuliza mchele ni mpya au wa zamani. Ulikuwa mpya kabisa, umetoka shamba juzijuzi, na mchele mpya bado una unyevu wake kwahiyo haunywi maji mengi. Mimi vikombe viwili vya mchele nilikuwa naweka maji vinne kama mama alivyonifundisha (yeye alizoea mchele uliokaa), sasa naweka viwili na nusu, wa zamani ndo naweka vitatu. Halafu naosha mpaka maji yaache kuwa meupe, nachuja, nakaanga kidogo kwenye mafuta na kitunguu ndo namwaga maji ya moto, nageuza mara moja tu basi, mwiko naweka mbali maana ukikorogakoroga unapasua punje. Maji yakikauka napunguza moto, nafunika na kupalia makaa juu.

Ile ya kuweka ndimu sijaona tofauti, labda weupe tu.

Aliyesema baridi ya huku ndo tatizo, hapana mkuu, ni mwinuko unaofanya maji yachemke kwenye nyuzi kama 94 hivi, kwahiyo wali unachelewa kuiva, ndo watu wanaongezaga maji hovyo. Ongeza muda, funika vizuri.

Bado wa nazi, huo unanisumbua, mwenye vipimo aweke.