Mke wa London mwaka 1868: nimwandikeje asitoke mwanamke wa leo aliyevaa gauni refu?

FundiNgamiani

Assalaam alaykum, habari zenu wote. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Mchana nashona barazani, usiku naandika. Riwaya yangu imefika sura ya tano. Mhusika ni Agnes, mshona mashati wa mashariki mwa London, enzi za Malkia Victoria. Mume mlevi, mtoto mmoja wa kike. Sura ya tano Agnes anachoka, anachukua akiba yake na mashine yake ya Singer, anamshika mtoto mkono, anaondoka.

Nikamsomea shoga yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Huyu si Mwingereza wa zamani. Huyu ni wewe." Neno hilo halijanitoka.

Nimejitahidi kumjua. Nimeshona hata koseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno: kitambaa cha marekani tabaka mbili, na badala ya mifupa ya nyangumi nikachomeka mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi. Binti yangu akanikaza kamba mgongoni, nikakaa kwenye mashine saa nzima. Kukanyaga pedeli niliweza. Bobini ilipoanguka chini ya meza ndipo nikajua nimevaa nini. Mgongo haukunji. Ilibidi nishuke kwa magoti mwili wote ukiwa wima, nipapase sakafu bila kuiona. Hayo nimeyaandika na nayapenda. Ila Agnes bado anaongea kama mimi. Nimekosea wapi?

MzeeWaBagamoyo

Wa alaykum salaam, mwanangu. Koseti iache hapo hapo kwenye bobini, usiipe kazi zaidi. Wanawake wengi waliivaa kila siku bila kuiwaza. Kilichomfunga Agnes ni sheria, na sheria ina tarehe. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo miaka mingi, kesi za ndoa ndizo zilizonifanya nisome na za wenzetu.

Uingereza ya wakati ule, mwanamke akishaolewa alihesabiwa mtu mmoja na mumewe, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha alizokuja nazo, ujira anaoupata, mpaka vyombo vya ndani, vyote vya mume. Sheria ya mwaka 1870 ndiyo iliyomwachia mke kipato cha mikono yake. Mali kwa jumla ikangoja sheria ya mwaka 1882, iliyoanza kutumika Januari 1883. Matajiri walikuwa na njia yao: baba alimwekea binti mali chini ya wadhamini kabla ya ndoa. Mshona mashati atampata wapi mdhamini?

Sasa rudi sura ya tano. Mwaka 1868 ile akiba si yake, na mashine si yake. Mume akienda kwa tajiri anayempa Agnes mashati, akataka ujira wa mkewe, anadai haki yake mwenyewe. Na kuna hili ambalo mimi kama hakimu linaniuma: laiti angekuwa amemtelekeza, tangu mwaka 1857 Agnes angeweza kumwomba hakimu amri ya kulinda anachochuma. Kwa kuwa mume anarudi kulala nyumbani, amri hiyo haipati.

Talaka nayo, mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi tu. Mke athibitishe uzinzi, na juu yake ukatili au kutelekezwa. Ulevi haukutosha, na kipigo peke yake hakikutosha.

Halafu mtoto. Ana miaka mingapi? Sheria ya mwaka 1839, aliyoipigania Caroline Norton baada ya mumewe kumnyang'anya watoto, ilimruhusu mama kuomba mahakama imwachie mtoto asiyefika miaka 7. Akivuka hapo, ni wa baba. Mpaka mwaka 1873 ndipo umri ulipopandishwa kufika 16. Na kesi yenyewe ilikuwa ya wenye fedha.

MwalimuChumbageni

Dada, nadhani Mzee amekuonyesha kwa nini Agnes ni wewe. Anasema "mashine yangu" kama tunavyosema sisi. Bibi yangu alikuwa na cherehani cha mkono, na babu alipofariki watu wakakaa kugawa mirathi, hakuna aliyekitia kwenye hesabu. Kila mtu alijua ni mali yake bibi. Mahari ya mke ni yake, anachochuma ni chake, hilo tumelikuta. Wewe umelinyonya na maziwa, ukampa Agnes bila kujua. Mnyang'anye neno "yangu" uone atakavyoongea.

Mwanahija_B

Sawa mwalimu, lakini tusiipambe pwani yetu. Mwaka huo huo 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa Bagamoyo, na waliowapokea ni watoto waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Walikuwepo wanawake hapa ambao si tu hawakuwa na cherehani, wao wenyewe walihesabiwa mali, na wengine waliwatumikia hao mabibi wenye mahari. Ukitaka kuweka London na pwani bega kwa bega, waweke na hao.

FundiNgamiani

Shikamoo Mzee. Asanteni sana, nimesoma mara tatu. Mwanahija, nimekusikia, hao wanataka kitabu chao, siwezi kuwapitisha kwa sentensi mbili.

Mwalimu, jana usiku nimefanya ulivyosema. Nimefuta kila "yangu" ya Agnes. Sasa anasema "ile mashine", na mume akiingia anainua mkono wake kutoka kwenye gurudumu. Shoga yangu hakusema kitu safari hii, aliomba tu ukurasa unaofuata.

Mzee, mtoto nilikuwa nimempa miaka tisa. Sasa ana sita, na siku yake ya kuzaliwa ni mwezi ujao.