Naomba ushauri: Waitaliano na maneno ya Kiingereza ya makosa kazini

Habari zenu ndugu walimu na wakalimani. Ninafundisha Kiingereza cha ofisini kwa wasemaji wa Kiitaliano na nimekwama.

Kitenzi chao "fare" hubeba "do" na "make" kwa pamoja, kama "kufanya" kwa Kiswahili, ndiyo maana wanaandika "I did a mistake" badala ya "I made". Hilo linarekebishika. Kinachonitesa ni uzito wa maneno. "Svista", yaani kupitiwa tu, wanaiita "fault", na mteja anasoma kukiri lawama, wakati "oversight" ndilo lingefaa. Kibaya zaidi ni "eventualmente", ambalo kwao ni "ikibidi", lakini wanaligeuza kuwa "eventually" kwa kuwa yanafanana. Wakiandika "We will eventually correct the invoice", mteja anaelewa ankara yake itarekebishwa hatimaye, sijui lini.

Nimejaribu kadi za neno mojamoja: darasani wanajibu vizuri, kwenye barua pepe yote yanapotea.

Je, nipange maneno haya kwa kiwango cha lawama, au kwa kilichoharibika: mtu, hati, mashine? Na "eventually" nilifundishe pamoja na "if necessary", au kuyaweka jirani kutazidi kuwachanganya?