Wastani wa siku sita katika ramani ya mchakato: je, unatosha kumlaumu mtu?

Mhasibu_Moro:
Wanajukwaa, habari za kazi. Nimetoa kwenye mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo rekodi za maombi ya mikopo ya mwaka mzima, kila mstari ukiwa na namba ya ombi, hatua iliyofanyika na saa ilipokamilika, kisha nikaziingiza katika ProM, programu huria inayochora ramani ya mchakato, yaani mchoro wa hatua ambazo maombi hupitia na muda kati yake. Ramani inaonyesha kwamba kati ya kupokelewa kwa nyaraka na kukamilika kwa tathmini hupita siku sita kwa wastani. Meneja amekwisha kuhitimisha kwamba maafisa mikopo ni wazembe. Je, takwimu hii inaruhusu kusema hivyo?

Msasa:
Hairuhusu, ndugu. Kwa kuwa mfumo wenu hurekodi saa ya kumaliza peke yake, siku hizo sita zimechanganya muda ambao jalada lilikaa likisubiri na muda ambao afisa alilishughulikia, na hakuna programu itakayotenganisha kile ambacho hakikurekodiwa. Ili uone tofauti, pakua data za taasisi moja ya fedha ya Uholanzi zilizotolewa kwa shindano la uchambuzi wa michakato la BPI Challenge la mwaka 2012, zenye maombi 13,087 na matukio (hatua zilizorekodiwa) 262,200. Humo kazi za maafisa zina saa ya kupangwa, ya kuanza na ya kumaliza, hivyo foleni huonekana waziwazi.

BiTakwimu:
Hata wastani wenyewe siuamini. Katika data hizo za Uholanzi, maombi zaidi ya 3,000 yalikataliwa mara tu yalipowasilishwa. Ukiyajumlisha na yale yaliyofuatiliwa kwa simu siku nyingi, unapata namba isiyoeleza safari ya ombi lolote. Tenga kwanza aina za safari, kisha utazame mediani, yaani thamani ya katikati, ya kila aina. Halafu (na hili wengi hulisahau) chunguza saa zilivyoingia kwenye mfumo, siku na dakika.

Mhasibu_Moro:
Nashukuruni nyote. Nimechunguza: tathmini karibu zote zimerekodiwa Ijumaa alasiri, zikipishana kwa dakika mbili tatu. Afisa mmoja amenieleza kwamba huandika kwenye daftari wiki nzima, kisha huingiza zote kwa mkupuo. Basi sehemu ya siku zile sita ni za daftari. Nimemwomba meneja anirudishie ile ripoti yenye ramani.