Mrejesho: Safari ya Masasi na mama

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa kumpeleka mama Masasi kwa siku mbili tukitokea Mtwara mjini, akaone mji na majabali yake. Nimerudi, na ninawashukuru kutoka moyoni.

Aliyesema tupande basi la kwanza la alfajiri, Mungu akubariki. Tulifika jua likiwa bado la upole. Njiani tulinunua ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili, mama akala akikumbuka utoto wake.

Mtandi, penye kanisa la Waanglikana hapo Masasi, ndipo moyo wangu ulipobaki. Waanglikana walianza kituo chao Masasi mwaka 1876, wakiwa na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Kituo kilichomwa wakati wa Majimaji mwaka 1905, kikajengwa upya. Mama aliegemeza kiganja kwenye ukuta wa kanisa, akakaa kimya muda mrefu. Sikumharakisha.

Ambalo halikufanikiwa: kanisa lilikuwa limefungwa, tukaishia nje. Mliniambia niulize siku moja kabla, sikuuliza. Kosa ni langu.

Jabali nililipanda na kijana mwenyeji, kama mlivyoshauri, ila tulianza saa nne. Jiwe lilikuwa limeshashika moto, tukaishia nusu. Hata hapo, mji wote unauona chini, mabati na mikorosho. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi, na maji ya kutosha.

Lupaso, kwenye kaburi la Mzee Mkapa, Rais wetu wa zamani, hatukufika, muda uliisha. Mama ameshasema tutarudi.