Mkate wa mashine unaumuka vizuri kisha unabonyea katikati: kosa liko wapi?

Mama wa Tanga
Assalamu alaikum, na habari zenu wapishi wenzangu. Nilipokuwa Tanga nilioka mkate kwa mashine ya nyumbani kwa miaka miwili bila tatizo lolote, lakini tangu tuhamie Mbeya mwezi wa Mei sijapata hata mmoja wa kumwekea mgeni mezani. Vipimo sijavibadilisha: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 320, sukari na mafuta vijiko viwili viwili vya chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, na hamira ya chembechembe vijiko viwili vya chai. Jambo pekee nililoongeza ni kuyapasha maji moto, kwa kuwa ya bombani huku asubuhi yanatia ganzi. Nikichungulia kwenye kioo naona mkate umepanda hadi unakaribia kugusa kifuniko, lakini ukianza kuiva unabonyea kama mto uliolaliwa, na ndani una matundu makubwa na unyevunyevu. Je, mashine iliharibika safarini, au ni unga wa huku?

Jiko la Pwani
Waalaykumu salaam, dada. Mimi naishuku hamira. Koroga kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Dakika kumi zikipita bila povu, itupe.

Mwokaji wa Nyanda za Juu
Naomba nitofautiane na aliyetangulia, kwa heshima. Hamira iliyokufa haiumui kabisa, mkate hutoka mfupi na mzito kama tofali, ilhali wako, dada, unapanda hadi kifuniko ndipo unaanguka, maana yake hamira inafanya kazi kupita kiasi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa huku ni mdogo kuliko pwani, gesi ileile inayotolewa na hamira hutanuka zaidi, ikalivuta donge hadi likawa jepesi mno kujishikilia kabla joto la kuokea halijalikausha. Baridi imekudanganya, kama ilivyonidanganya mimi mwaka wangu wa kwanza: ukapasha maji, na hamira ambayo tayari ilikuwa na mbio ukaizidishia mbio. Mashine hupasha donge yenyewe wakati wa kuumua, kwa hiyo maji ya bombani yaliyokaa jikoni usiku kucha yanatosha.

Punguza hamira iwe kijiko kimoja na nusu, na sukari iwe kijiko kimoja. Chumvi usiiguse, kwani ndiyo inayoizuia hamira isikimbie. Kuhusu maji sitakupa kipimo, kwa sababu msimu huu wa kiangazi unga hukauka kuliko ule wa Tanga. Badala yake fungua kifuniko dakika ya kumi ya kukanda na uliangalie donge. Linatakiwa liwe limejikusanya pamoja, laini, likinata kidogo kidoleni bila kuacha unga kidoleni. Likiwa linagonga kuta na kupasuka, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Likiwa limetandaa chini kama uji mzito, ongeza unga vivyo hivyo. Baada ya hapo usifungue tena, hasa linapoumuka kwa mara ya mwisho.

Mama wa Tanga
Nimerudi na majibu. Mkate wa jana, kwa hamira kijiko kimoja na nusu na maji ya bombani, umetoka na kichwa cha mviringo, nao haukubonyea. Donge lilikuwa kavu kweli, nikaongeza vijiko viwili vya maji. Ndugu wa Pwani, hamira pia niliijaribu, ikatoa povu hadi ukingoni mwa kikombe. Limebaki moja: kile kibapa kinachokanda kinang'ang'ania ndani ya mkate, na nikikichomoa kinaacha shimo kubwa.

Jiko la Pwani
Nimekubali kusahihishwa, na hili la kibapa nalijua vizuri zaidi. Mashine ikimaliza kukanda mara ya mwisho, kabla ya kuumua kwa mwisho, lowesha mikono, inua donge, chomoa kibapa, lirudishe na ufunge upesi. Litabaki tundu dogo tu la ule ufito wa chini. Siku ukisahau, ngoja mkate upoe, ukichomoe kwa mpini wa kijiko cha mbao. Kisu au uma utakwangua ule utando usioshika chakula, na ukishachubuka, kila mkate utakaofuata utang'ang'ania chomboni.