Kabureta ya gari ya zamani hapa Nairobi: tupeane uzoefu

Wadau mnaoendea kazini na gari ya zamani, si wale wa kuipangusa mara moja kwa mwaka wakaipeleke maonyesho pale Ngong Racecourse: mlifunga kabureta gani (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), na mambo yalikwendaje? Naanza mimi.

Nina Ford Escort ya 1600. Nimekua nikisikia hadithi za Safari Rally, jinsi dereva Mikkola alivyoshinda na Escort mwaka wa 1972, basi nikafunga kabureta mbili za Weber za kulala ubavu, zile za koo la milimita 45. Mlio wake, wacha tu! Usiku Thika Road inapaa. Asubuhi kwenye jam ya Haile Selassie nikigusa mafuta inakohoa na kuzima, makanga wananicheka. Mzee mmoja fundi wa Kirinyaga Road ndiye aliyenifungua macho: koo la kabureta likizidi upana, injini ikizunguka polepole hewa inapita bila kasi, haifyonzi petroli sawasawa. Nikaziuza, nikaweka Weber 32/36 moja. Kwenye jam linatumika koo la milimita 32 peke yake; la 36 hufunguka nikikanyaga sana. Tangu hapo sijasukumwa.

Datsun1200: Yangu ilitoka Mombasa. Kufika huku, harufu ya petroli na plagi nyeusi tititi. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti za pwani, vile vitundu vya kupima petroli ndani ya kabureta, zinamwaga mafuta kupita kiasi. Sikununua kabureta mpya, nilipunguza jeti kuu saizi mbili, plagi zikawa za rangi ya kahawia. Zile za zamani nimeziweka kwenye kiberiti ndani ya dashibodi. Nikishuka pwani nazirudisha, maana na hizi ndogo kule chini injini itakosa mafuta na kuchemka.

VolksLimuru: Mwezi wa Julai, ukungu umetanda, Volks inatembea kidogo inazima. Nikingoja dakika kumi inawaka kama si yeye. Nimebadilisha kabureta mara mbili, pesa ikaenda. Kumbe kale kabomba ka kupitisha moshi wa kupasha manifoldi, bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini, kameziba kwa masizi! Petroli ikigeuka mvuke inapoza chuma, unyevu unaganda barafu ndani. Barafu, Limuru! Tulizibua kwa waya wa breki ya baiskeli, siku nzima.

MiniYaNgara: Kabureta ya SU ile ile iliyokuja na gari. Naongeza oili kidogo pale juu, basi. Endeleeni nyinyi.

Pijo504: Mimi niliuziwa kabureta ya kuiga, mpya kabisa, ikavuja wiki ya kwanza. Nikarudia kabureta yangu kuukuu ya Solex. Shida yake ilikuwa ekseli ya kipepeo, kile kifuniko cha kupitisha hewa ukikanyaga mafuta, imelika, inavuta hewa pembeni, sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) haitulii. Nikachongewa bushi, kale kapete ka kushikilia ekseli isicheze.

Datsun1200: @Pijo504 bushi ya shaba ama ya chuma? Yangu nayo imeanza kucheza.

Pijo504: Shaba. Nenda na kabureta yenyewe mkononi, usipeleke vipimo tu.