Obsidiani ya Melos: asili yake inajulikanaje?

Mwl_Iringa: Wadau, wanafunzi wanaoyajua mashoka ya mawe ya Isimila wanauliza: obsidiani (kioo cha asili cha volkano) ya pango la Franchthi, Ugiriki bara, ilijulikanaje kuwa imetoka kisiwa cha Melos? Rangi?

Mchimbuzi: Rangi inadanganya, mwalimu. Hupimwa kwa eksirei kiasi cha elementi zake, kama rubidi, stronti na zirkoni, kikalinganishwa na cha mawe ya machimboni. Melos ina machimbo mawili, Sta Nychia na Demenegaki, na vipimo huyatenganisha.

Jiwe_Mbeya: Kipande chembamba mno hupotosha, miale hupenya. Udongo wa chokaa nao huweza kuongeza stronti. Osha kwa maji na brashi laini, kausha, pima upande bapa. Makali yake msiyasugue jamani, alama za matumizi hufutika!

Mchimbuzi: Na ilifika Franchthi kabla ya kilimo, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Bila chombo cha majini, Melos haifikiki.